Kadi ya Kukalia Kiti

"Baba Sufian, hebu nieleze tena, polepole. Pesa zote hizi ni za kukalia kiti?"

"Si kiti, Mama Sufian. Ni kochi. Kuna chai, kuna mkate, kuna bafu ya maji moto. Unaoga, unalala kidogo, unangoja ndege yako kama mtu."

"Na wasiolipa wanangoja kama nini?"

Bashir akapiga mwayo. Alikuwa amefika Kitale juzi, likizo ya siku tano tu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Yeye ni fundi wa jenereta. Kampuni ilimtupa Juba mwezi huu, Goma mwezi ujao, Bujumbura mwezi mwingine, na kila safari ilipitia Nairobi, ambako alikwama saa nane au tisa akingoja ndege ya pili. Mwaka jana, 2005, alijiunga na lounji ya pale uwanjani, chumba cha wenye kadi. Sasa kadi ilikuwa inaisha, na barua ya kulipia mwaka mwingine ilikuwa mezani kando ya cherehani ya mkewe, Zulekha. Shilingi elfu kumi na nane.

Tangu waoane walikubaliana kwamba hakuna kitu kikubwa kinacholipiwa bila wote wawili kusema ndiyo. Bashir alikuwa anangoja ndiyo yake. Lakini Zulekha alikuwa amechoka, jamani. Amechoka kushona yunifomu za watu, amechoka kuwajibu watoto baba yuko wapi. Zaidi ya yote alikuwa amechoka kuwa mke wa simu.

"Hiyo kadi nishaionja," alisema bila kuinua macho kutoka kwa kitambaa. "Ama umesahau?"

"Si nilikuomba msamaha?"

"Uliomba."

Mambo yalikuwa hivi. Januari Bashir alimwandikisha mkewe kwenye kadi kama mgeni wake. Zulekha, ambaye hajawahi kukanyaga ndege, alielewa kwamba jina likiwa kwenye kadi mtu anaingia. Basi mwezi wa nne, Bashir akipita Nairobi, Zulekha akapika pilau na chapati, akavitia kwenye hotpoti visipoe, akapanda basi la usiku ili amfanyie sapraizi. Askari wa mlangoni akaangalia hotpoti, akamwangalia yeye, akamwambia, "Mama, bila tiketi ya ndege huingii hapa, hata uwe na jina wapi." Zulekha akampigia Bashir aliyekuwa ndani. Bashir akamwambia hawezi kutoka, mtu wa tranziti, anayengoja ndege ya pili, haruhusiwi, akionekana anatoka atashikwa. Zulekha akarudi Kitale na hotpoti yake.

"Tufanye hivi," Bashir alisema. "Kesho si tunaenda kumsalimia Nafisa? Yeye Dubai ni kama sokoni kwake. Atuambie kama hii kadi ina maana. Akisema haina, naitupa."

"Sawa. Nafisa aamue."

Nafisa, dada yake Bashir, alikuwa na duka la madera na mitandio Bungoma, karibu na msikiti. Aliwakaribisha nyuma ya duka, akawamiminia chai, akavaa miwani na kuisoma barua yote mpaka mwisho. Mwanamke wa biashara huyo, haongei kabla hajasoma.

"Elfu kumi na nane!" akasema. "Umeitumia mara ngapi?"

"Mara kumi na moja."

"Wapi?"

"Nairobi. Zote Nairobi."

Nafisa akavua miwani. "Bashir, wewe uko timamu? Ungesema Addis, ungesema Dubai, ningekuelewa. Huko huna mtu. Lakini Nairobi? Mimi nikikwama pale nagongewa muhuri, natoka zangu naenda Eastleigh kwa binamu yetu Leila. Nakula, nalala, jioni narudi."

Zulekha akaweka kikombe chini.

"Wifi, sijakusikia vizuri. Unatoka nje?"

"Si nina pasipoti ya Kenya? Nani atanizuia kuingia kwetu? Wanaokwama ndani ni wageni wasio na viza. Mkenya anatoka tu, bora arudi mapema." Akawaangalia mmoja, kisha mwingine. "Kwani nimesema nini?"

Bashir alikuwa anatazama marobota ya madera kama anayatafutia bei.

"Bashir," Zulekha aliita. Tangu Sufian azaliwe hakuwa amemwita mumewe kwa jina. "Mwezi wa nne nilikupigia nikiwa nje ya ule mlango. Uliniambia nini?"

"Nilisema siwezi kutoka."

"Ulisema utashikwa. Nikakuonea huruma, mimi mjinga! Nikakaa pale ukingoni mwa barabara nakuombea dua."

"Ulikaa saa mbili na nusu," Bashir alisema kwa sauti ya chini. "Ulikuwa na buibui lako jipya. Hotpoti ya kijani. Mwishowe ukampa chapati mama mmoja wa kufagia, mkakaa mkala."

Habari ya zile chapati Zulekha hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Uliniona."

"Pale ngazini kuna dirisha la kioo. Nilisimama hapo mpaka ukaondoka."

"Subhanallah, Bashir!" Nafisa akainuka, akaenda mbele ya duka na kulivuta pazia.

Zulekha hakulia. Machozi yangemtaka nguvu, na nguvu hakuwa nazo.

"Kuna mwanamke mle ndani?"

"Wallahi hakuna."

"Afadhali angekuwepo. Ningejua nimeshindwa na nani. Sasa nimeshindwa na kochi!"

"Zulekha, nisikilize. Mwezi ule nilitoka Juba nimeugua malaria mara mbili. Nilikuwa natembea lakini sikuwa mtu. Ningetoka nikushike mkono, nisingeuachilia. Nisingerudi ndani, najijua. Kazi ingeishia pale pale mlangoni, na Sufian anaingia Form One Januari. Karo nitatoa wapi? Nikaona bora nisishike."

"Kwa hiyo ukadanganya."

"Nikadanganya. Na nikazoea. Kila nikitua nasema leo natoka, leo nampigia aje. Halafu naingia mle, nalala. Kwa ile kadi nilinunua mahali pa kujificha. Nilijificha mbali na nyinyi."

Huruma ilimpanda Zulekha, na hasira ikapanda nayo. Alimtazama mume wake: shati limemlegea, mvi mbili tatu ambazo mwaka jana hazikuwepo. Alimpenda. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Ulipe, usilipe, mimi sina neno tena juu ya hiyo kadi," alisema. "Mwezi ujao tarehe kumi na nane unapita Nairobi ukienda Goma, sivyo?"

"Ndiyo. Natua saa mbili asubuhi. Ya Goma ni saa kumi na moja jioni."

"Nitakuwa pale pale ukingoni. Ukitoka, tutaongea. Usipotoka, usije Kitale tena. Nitawaambia watoto baba yenu ameoa lounji."

"Zulekha..."

"Nimechoka, Bashir. Sina maneno mengine."

Siku mbili baadaye Bashir akarudi Juba. Alipiga simu kila wiki, wakaongea habari za watoto, habari za mvua, habari za mahindi yaliyopanda bei. Habari ya kadi hakuna aliyeigusa.

Tarehe kumi na nane Septemba, saa mbili unusu asubuhi, Zulekha alikuwa ukingoni na hotpoti ya kijani na thamosi ya chai ya tangawizi. Miguu ilikuwa imevimba kwa basi. Yule mama wa kufagia, Wangui, alimwona toka mbali.

"Ala! Mama wa chapati! Leo umepewa tiketi?"

"Bado, dada."

"Na yeye je? Bado wamemfungia?"

"Leo ndio tutajua kama alifungiwa."

Saa tatu ikapita. Zulekha akaandika meseji: Umetua? Hakuna jibu. Watu walitoka na mabegi yao, wakakumbatiwa, wakaenda. Saa nne. Aliinua macho kutafuta lile dirisha la ngazini, akaliona, linang'aa kwa jua tu. Akajiambia labda amesimama pale tena. Roho ikamuuma vibaya sana. Akaanza kufunga kamba ya kikapu.

Simu ikalia.

"Uko wapi?" Sauti ya Bashir ilikuwa inahema.

"Wewe uko wapi?"

"Laini ya pasipoti ilikuwa ndefu bana, na simu imewaka sasa hivi tu. Niko nje! Sikuoni!"

"Geuka kushoto."

Akageuka. Alikuwa na begi moja begani na pasipoti bado mkononi, ameishika kama mtoto aliyetumwa dukani. Akaja, akasimama mbele yake, hakujua aanze na salamu au msamaha.

"Nimetoka," alisema.

"Nimeona. Kaa ule."

Wakala pilau kwa mikono, pale pale ukingoni, magari yakipita. Walikuwa na mengi ya kuongea, na Bashir alianza vizuri kabisa. Alisema mkataba unaisha Juni, hatauongeza. Alisema ametafuta habari za kazi kwa kiwanda cha karatasi Webuye. Akasema "Zulekha, mimi..." na hapo hapo kichwa kikamwangukia begani mwa mkewe, akalala fofofo. Mkoromo wake ulisikika mpaka kwa madereva wa teksi.

Wangui akapita na fagio. "Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Amekuja kulala?"

"Mwache. Hapa halipishwi."

Bega likafa ganzi. Zulekha hakulisogeza. Saa saba, saa nane, saa tisa. Ilipofika tisa na robo akampiga kofi dogo shavuni.

"Amka. Muda."

Bashir akafungua macho, akamwona, akamkamata mkono kwa nguvu. Uso wake ukabadilika.

"Zulekha, siendi. Nilikwambia. Sitaweza kurudi ndani."

"Najua hutaweza. Ndiyo maana nimekuja." Akamfuta wali kidevuni, akamvika begi, akamshika kiwiko. "Simama. Tunaenda wote mpaka mlangoni. Nitakusukuma."

Na kweli alimsukuma. Askari akacheka. Zulekha alibaki amesimama mpaka asimwone tena, kisha akainama akaokota hotpoti, na sasa ndipo machozi yalipomtoka, mengi, hata hakujisumbua kuyafuta.

Alikuwa anakaribia stendi ya basi la Kitale meseji ilipoingia.

"Kadi sikulipia. Niko kwa viti vya chuma na watu wote. Narudi kupita Novemba tarehe tatu."

Kabla hajajibu ikaingia nyingine.

"Bega lako lina mfupa. Njoo na mto."