Sahani ya Bi Mwatima

Kengele ya mkeka ililia saa kumi kasoro dakika kumi za jioni, na mtu aliyepaswa kuwa ameukanyaga alikuwa amelala chali kitandani, miguu yake yote miwili ndani ya blanketi.

Afra alisimama mlangoni akiutazama. Haukuwa mkeka wa ukili huo. Ni kipande cha plastiki nyeusi kinachotandikwa kando ya kitanda cha mzee asiyejiweza. Akishusha mguu tu, kengele inalia kwa wauguzi. Katikati palikuwa pamebonyea, kama pamekaliwa. Kisha pakainuka polepole, pakarudi sawa.

"Sista Jedidah," alisema alipofika mezani kwa mkuu wa zamu, "mkeka wa Bi Mwatima unalia peke yake."

Jedidah, muuguzi Mkenya aliyekuwa ameyaona mengi ya wazee, hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Hiyo mat ni ya zamani. Nitaambia watu wa maintenance waibadilishe. Amekula?"

"Hajala."

"Basi andika kwa chart. Hapa kitu haijaandikwa haijafanyika."

Afra akaandika. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alipomaliza kidato cha sita Wete, shirika moja linalowapeleka vijana nje kujitolea lilimchagua kwa miezi sita, na likamleta kwenye nyumba hii ya wazee, Barking, London, kwa sababu moja tu: humo mlikuwa na bibi wa Kipemba aliyesahau Kiingereza. Alikizungumza zaidi ya miaka hamsini, maradhi ya usahaulifu yakaja yakakifuta chote, kikabaki Kipemba kitupu ambacho hakuna aliyekijua. Afra alipomwamkia siku ya kwanza, "Shikamoo bibi," mzee alilia kama mtoto.

Kazi aliipenda. Kilichomtesa London si baridi, ingawa ilikuwapo baridi ya kutosha kumwua ng'ombe. Kilichomtesa ni kula. Kila mtu na kikopo chake na simu yake. Kwao wadogo zake wanne na mama yake walizunguka sinia moja, wakigombana kwa viwiko, na kila mmoja akila upande wake mbele yake kama alivyofunzwa. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Februari, awahi Ramadhani, na siku alizihesabu kwa futari ya sinia lile.

Desemba hiyo jua lilizama mapema mno. Huko kwao magharibi ni wakati wa kuwaita watoto ndani, wasije wakakumbana na wasioonekana. Hapa magharibi iliingia wakati wa chai na biskuti, na hakuna aliyemwita mtu ndani. Kila siku saa ile ile mkeka ukalia. Fundi akaja, akaleta mpya. Mpya nao ukalia. Kisha ikaja harufu ya udi, udi wa maana, wa maharusi, katika nyumba ambayo hata mshumaa ulipigwa marufuku. Kidude cha kunusa moshi darini kilikonyeza taa yake ya kijani na kukaa kimya.

"Bibi, nani kafukiza?" Afra alimwuliza siku moja.

Bi Mwatima aliutazama mkeka, si yeye. "Hajashiba," akanong'ona. "Hashibi huyu."

Jumapili alikuja Vuai, mtoto wa kaka yake Bi Mwatima, mtu wa miaka hamsini na kitu, mcheshi, na ndizi mkononi. Alimpeleka Afra pembeni.

"Mungu akulipe, mwanangu. Lakini fadhila usitaraji. Shangazi yangu mchoyo, tende moja hakugawii. Siku ya harusi yangu masinia yametandikwa, yeye kachukua kisahani chake kenda kujikunyata jikoni. Mume wake alimwacha kwa hilo hilo. Mke gani hali na mumewe?"

"Labda alikuwa na sababu, ami."

"Sababu ya uchoyo ni uchoyo," Vuai akasema, akacheka.

Afra hakucheka. Usiku ule alimfikiria mwanamke aliyekula peke yake maisha yake yote, na moyo ulimuuma kwelikweli.

Wiki iliyofuata Bi Mwatima aliacha kula. Kijiko kikija alikaza midomo. "Si changu," alisema. "Chake hicho." Siku ya tatu daktari aliacha neno kwamba asipokula hadi Jumatatu atapelekwa hospitali, na Jedidah akamvuta Afra stoo akamwambia kwa sauti ya chini, "Hawa wakienda huko hivi, mara nyingi hawarudi. Jaribu chakula ya kwenu."

Afra alipika. Alinunua nazi ya kopo, akaungia wali na mchuzi wa papa wa chumvi aliyempata dukani kwa Wanigeria, akavipakua kwenye sahani moja kubwa. Alimkalisha Bi Mwatima kwenye kiti chake, meza ndogo mbele, akauzima mkeka usiwapigie kelele, na yeye akakaa ukingoni mwa kitanda, mkabala. Dirishani giza lilikuwa likiingia.

"Kula, bibi."

Mzee alikaza midomo.

Hapo ndipo Afra alipofanya kosa ambalo Mwingereza asingelifanya hata kwa kulipwa, kwani sheria ya nyumba ilikataza mfanyakazi kugusa chakula cha mzee. Lakini yeye alilelewa kwamba mtu hali peke yake, mgonjwa hali ila na mwenziwe. Akaosha mkono. "Basi tule sote," akasema, akamega tonge upande wake.

Bi Mwatima alimtazama muda mrefu. Kitu kilipita usoni mwake, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoacha ufunguo, kikapotea. Akatabasamu. Akamega upande wake, akala, na Afra akafurahi hata machozi yakamlengalenga. Kwa furaha hiyo bismillahi yenyewe aliikumbuka tonge la nne.

Alipoisema, mkeka uliozimwa ulilia kwa chini, mlio wa plastiki inapokaliwa na mtu mzima, na harufu ya udi ikamjia karibu na goti lake, ikiwa na joto, joto la pumzi, na alitaka kugeuka asigeuke, akayateremsha macho kwenye sahani ili asitazame kwingine, akaona upande wake ulivyoliwa, na upande wa bibi ulivyoliwa, na upande wa tatu, ule ulioelekea mkeka, wali umechimbwa shimo safi, lenye alama za vidole vitano virefu, nalo lilikuwa likiendelea kuzama.

Alipiga kelele hadi Jedidah akaja mbio. Jedidah hakuona ila sahani tupu. "Amekula yote! Mungu ni mwema," alisema, akaandika kwenye karatasi.

Asubuhi yake Bi Mwatima aliamka na akili timamu, macho makali kama ya msichana.

"Binti wa nani wewe?"

"Wa Suhaib, bibi. Wa Wete."

"Jana nilikula na nani?"

"Na mimi."

Mzee alijifunika uso kwa mikono. Alilia bila sauti, mabega yakitikisika. "Ewe mwanangu. Miaka sitini na tatu nimeitwa mchoyo, nikavumilia. Nimeachwa, nikavumilia. Jana nikasahau, siku moja tu."

Akamweleza kwa kunong'ona. Alikuwa na miaka kumi na saba. Bibi yake alikuwa akila peke yake jikoni, naye akamwonea huruma, akaenda kula naye sahani moja. "Kama wewe. Kinahama kwa huruma hicho kilacho nasi, aliyelazimishwa hakimtaki. Mkubwa kinamhamia. Mtoto hakiwezi kumkalia, kinammaliza. Nilikuwa na mdogo wangu wa miaka minne. Nilikuwa sijakijua bado. Tonge moja tu nilimpa."

"Hakisomewi, bibi?" Afra aliuliza.

"Kimesomewa Wete, kimesomewa Mombasa, kimesomewa humu humu Barking. Kinanyamaza siku saba. Kisha kinarudi na njaa zaidi. Kula peke yako, mwanangu. Watakutukana. Wewe kula peke yako."

Siku ile ile Afra alikwenda kwa ustadhi mmoja karibu na stesheni, akasomewa, akapewa kombe, maji yaliyooshewa aya, akanywa. Mkeka haukulia tena. Harufu ikatoweka. Siku ya tano Bi Mwatima alifariki usingizini, uso umemkunjuka, na Jedidah akasema hajawahi kuona mzee aliyekufa kwa raha vile. Afra alimlilia. Lakini ndani yake alipumua pia, na akamnunulia mama yake shali ya sufu. Mzee alikuwa mgonjwa wa akili, alijiambia. Wagonjwa husema mengi.

Hitima ya marehemu ilisomwa nyumbani kwa Vuai, Jumapili, siku ya nane tangu Afra asomewe. Wanawake walijaa ukumbini, masinia ya pilau yakatandikwa. Afra, kwa tahadhari tu, aliomba sahani yake, akakaa pembeni ukutani. Alisikia harufu ya udi akatulia; hitimani udi si ajabu.

Kisha akamsikia mke wa Vuai jikoni akimwambia mtu, "Chetezo cha udi sikiwashi, kile kidude cha moshi kitatutoa roho kwa kelele."

Akateremsha macho. Upande wake alikuwa amemega matonge mawili. Upande wa pili wa sahani palikuwa na shimo.

Mjukuu wa Vuai, kitoto cha kike cha miaka minne, kilikuja kikichechemea na kiatu kimoja, kikacheka naye, kikachovya mkono kwenye sahani na kuanza kuupeleka mdomoni.

Afra aliupiga ule mkono kwa nguvu zake zote. Wali ukaruka zuliani. Mtoto alishtuka kwanza, kisha akaangua kilio, na ukumbi mzima ukageuka.

"Mtoto!" mama yake alimnyakua. "Unampiga mtoto kwa tonge la wali?"

"Astaghafirullah," mwanamke mmoja akasema. "Uchoyo ule ule wa marehemu."

Vuai alisimama mlangoni na birika mkononi. Macho yake yalimwumiza Afra kuliko tusi lolote. Afra alitaka kusema. Aliona jinsi kile kitoto kilivyokuwa kikilia kwa pumzi zote za kifua chake, kizima, na mdomo mtupu, akanyamaza.

Simu yake ikatikisika. Mama yake alikuwa amemtumia picha: sinia limesuguliwa kwa majivu hadi linang'aa, wadogo zake wanne wamelizunguka, wamemwachia nafasi yake. Chini ameandika: Bado wiki nane, mwanangu.

Afra aliitazama ile nafasi mpaka ikafifia machoni. Akaandika, Msiningoje. Kisha akaivuta sahani karibu na ukuta, akawapa watu mgongo, akala upande wake.