Mgeni wa Saa Nne

Saa nne asubuhi mtu alibisha hodi, na Miwani akajibu kama anavyojibu kila aliyelelewa vizuri: "Karibu." Ilikuwa siku ya pili tangu atibiwe macho kwa leza, na alikuwa amelala chali kitandani, macho yamefunikwa. Hodi ya pili ikaja, ya chini, yenye adabu zake, sauti ambayo usingeweza kuapa kwamba ni ya mwanamume au ya mwanamke. "Pita tu, hakuna anayeuma humu," akasema, akacheka peke yake. Mlango ukafunguka. Mtu akaingia, akaketi kwenye kiti kilicho kando ya kabati, na kiti kikalia kwa uzito.

Miwani alisubiri salamu, salamu haikuja. Ndipo alipokumbuka kwamba mke wake, alipotoka kwenda kufundisha, aliufunga mlango wa mbele kwa kufuli la nje, na kwamba hodi ile ilibishwa kwenye mlango wa chumba cha kulala.

"Nani?" akauliza. Kiti kikalia tena.

Kufungua macho na kutazama ingekuwa kazi ya dakika moja kwa mtu mwingine. Kwa huyu ilikuwa sawa na kumwambia aruke kutoka juu ya paa. Alikuwa muuza nyama, mtu wa kupasua ng'ombe mzima huku akisimulia vichekesho, lakini mwili wake mwenyewe ukiguswa, hata kwa sindano, alikuwa mwoga asiye na mfano. Alivaa miwani tangu ana miaka saba, vioo vinene kama kitako cha chupa, na jina likamganda hivyo hivyo hadi mke wake akawa anamwita hilo. Tatizo la vioo buchani ni jasho na mafuta. Siku moja viliteleza puani wakati panga likiwa tayari linashuka, na ncha ya kidole chake kidogo ikabaki kwenye gogo pamoja na mbavu. Mteja aliyekuwa akingoja kilo yake aliomba kwa upole akatiwe upande mwingine.

Baada ya hapo akakubali leza. Walimlaza, wakamwambia aitazame taa ndogo ya kijani na asiiache, na muuguzi akamsaidia kwa kumhesabia pumzi: vuta kwa nne, shikilia kwa mbili, toa kwa sita. Alifaulu. Daktari akamwambia mambo yamekwenda vizuri, akampa dawa ya matone na vifuniko vya plastiki vya kulalia, akamwonya kwamba wiki nzima ataona ukungu unakuja na kuondoka, asishtuke. Mwisho akasema asiyasugue macho hata yakiwasha namna gani, kwa sababu ngozi ya juu ya jicho bado changa. Miwani alilisikia hilo la mwisho tu. Alipofika nyumbani alifunga kitambaa cheusi juu ya vifuniko, akatangaza kwamba hafungui hadi atakapokuwa na hakika. Mke wake alimwambia hata watoto wake wa darasa la kwanza wana moyo kumshinda.

Basi siku ile alilala na mtu kitini, akaanza hesabu za muuguzi. Vuta kwa nne. Kitini nako pumzi ikavutwa. Shikilia. Nako ikashikiliwa. Toa kwa sita. Pumzi ndefu, yenye unyevu, ikatoka pamoja na yake. Akajiambia ni mwangwi wa chumba. Akavuta tena, na safari hii akaishikilia hadi tano, hadi sita, kifua kikimuuma, na kule kitini pumzi ikaendelea bila yeye, taratibu, kisha ikasogea karibu na mto. Ikaja harufu. Harufu ya nyama anaijua, ni mkate wake. Hii ilikuwa ya nyama iliyolala siku tatu kwenye friji lililokatiwa umeme.

Mke wake aliporudi alikuta kiti kitupu na mume amelowa jasho. Alifungua dirisha, akanusa, akasema labda ni aproni yake ya kazini. Kisha akamshika mkono na kumwambia kwa upole kwamba hofu ikimkaa mtu kichwani inaweza hata kuketi kwenye kiti. Miwani alitaka sana kumwamini.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi, mke wake yuko jikoni. Macho yakaanza kuwasha. Hayakuwasha kidogo kidogo. Yaliwaka kama yamepakwa upupu, na Miwani akakunja ngumi chini ya shuka, akahesabu, akahesabu tena. Mikono miwili ya baridi ikamshika viganja. Ikavitoa chini ya shuka polepole, kama mama anavyomfundisha mtoto kunawa uso, ikavipandisha hadi shavuni, ikavisukuma kitambaa na vifuniko hadi kwenye paji, ikamnyoosha vidole gumba na kuviweka juu ya kope.

"Sugua," sauti ikamwambia sikioni. "Utapata nafuu."

Alipokataa, upole ukaisha. Alinyanyuliwa na kubamizwa kwenye kabati, kioo cha kabati kikamwagika juu yake, akapigwa teke la mbavu lililomtoa pumzi zote alizokuwa amezihesabu, na mke wake aliposikia kishindo na kuingia mbio na mwiko mkononi, Miwani akamsikia akipiga yowe, akasikia meno yakizama begani mwake na nguo ikichanika, akasikia akiburutwa kwa nywele kutoka chumbani hadi koridoni na kichwa chake kikigonga ukuta mara moja, mara mbili, mara ya tatu, akimwita mumewe, akimwomba aje, kisha ikaja ile sauti ambayo muuza nyama haikosei hata usingizini, sauti ya mfupa mbichi ukivunjwa, ukafuata mwingine, na muda wote huo Miwani alikuwa amejikunyata sakafuni, mikono yote miwili imekirudisha kitambaa machoni na kukikamata kisitoke, akihesabu moja hadi nne.

Halafu vishindo vikakoma. Mke wake alirudi akitambaa. Vidole vyake viwili vilikuwa vimekunjwa kinyumenyume, na begani alikuwa na alama za meno ambazo mdomo wa mtu hauwezi kuziacha.

"Hukufungua macho," akamwambia. Hakulia wala hakufoka, na Miwani aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

Mke wake alifunga vidole kwa kipande cha kanga, akapiga simu. Aliyekuja mchana ule alikuwa mama mmoja anayeuza viatu vya mitumba sokoni, mnene, mwenye magoti mabovu. Watu walimjua kwa viatu, na waliobanwa walimjua kwa kazi yake nyingine. Alilalamikia ngazi, akaomba maji, akanusa hewa mara moja, na glasi akairudisha bila kuinywa. Alikataa kupita sebuleni, akabaki mlangoni, na Miwani akaongozwa hadi hapo.

"Nani aliyemkaribisha?" akauliza kwa sauti ya kunong'ona.

"Mimi, mama," Miwani akajibu.

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Nimefunga macho tangu hospitali."

Mama wa viatu akaguna. Akaeleza kwamba jini wa namna hii haingii bila kuambiwa karibu, na akishaingia hatoki mpaka aliyemkaribisha amtazame usoni na amtoe mwenyewe hadi nje, kama mgeni yeyote anavyosindikizwa. Ndiyo maana anayataka yale macho. Akiyaharibu, atakuwa mwenye nyumba, na waliomo ndani watakuwa chakula chake.

"Si unaweza kumtoa wewe?" mke wake akauliza.

"Mimi nitasimama mlangoni nisome, asirudi nyuma. Kumtoa ni kazi ya huyu." Akamgeukia Miwani. "Mwanangu, nisikilize. Utamtazama mpaka avuke kizingiti. Kupepesa si kitu. Lakini ukigeuza macho pembeni, umempoteza, na mimi sitajua kaingia wapi."

Miwani alirudishwa chumbani, akakaa kitandani muda mrefu. Alikuwa anaogopa mno, na lingekuwa jambo la uongo kusema aliacha kuogopa. Alichokifikiria ni vile vidole. Akapiga moyo konde, akavuta pumzi kwa nne, akafungua kitambaa na kutoa vifuniko.

Mwanga ulimwingia kama pilipili. Machozi yakamiminika, akayaacha yamiminike, mikono kaikalia. Kisha ukungu ukafunguka ghafla, na Miwani akaona. Aliona nyuzi za pazia, moja moja. Aliona mikwaruzo ya kabati, na vumbi juu ya balbu, na tundu la msumari ukutani lililokuwa pale miaka yote bila yeye kujua. Hakuwahi kuona hivyo bila vioo tangu utotoni. Kila kitu chumbani kilikuwa wazi, isipokuwa kilichokaa kitini. Hicho kilikuwa na ukungu pembezoni, kama dunia nzima ilivyokuwa kila alipovua miwani.

Akakitazama. Vuta kwa nne. Kadiri alivyokitazama, ndivyo kilivyotakata, kutoka chini kwenda juu: miguu mirefu iliyopinda, vidole vyenye damu ya mke wake kwenye kucha, shingo, kisha uso. Uso haukuwa na macho. Mahali pa macho palikuwa na vinywa viwili vidogo, vyenye meno, na vyote viwili vilikuwa vinapumua.

"Ondoka," Miwani akasema. "Nilikukaribisha, sasa ondoka."

Kiti kiliruka, kikamvunjikia kifuani. Pigo la pili likamng'oa jino, akalitema bila kuinamisha uso. Yule mgeni akamrukia, kucha zikitafuta macho, zikamchana paji na shavu hadi damu ikamwingia puani, na Miwani, ambaye hakujua kupigana lakini alijua kubeba, akamkumbatia kiunoni kama anavyokumbatia ubavu wa ng'ombe unaposhushwa garini, akamnyanyua uso kwa uso, akaanza kutembea. Alitoka naye chumbani, akashika korido, akigongwa ukuta huu na ukuta ule, mbavu zikilia ndani yake, vile vinywa viwili viking'ata hewa kiasi cha unywele kutoka kwenye mboni zake, na mwishoni mwa korido akaisikia sauti ya mama wa viatu ikisoma kwa kasi mlangoni, na kila hatua alihesabu, nne, mbili, sita, na hakugeuza macho, hakugeuza, hadi kisigino cha mgeni kikagusa zulia la mlangoni na ikabaki hatua moja tu.

"Mume wangu!" mke wake akaita kutoka mlango wa jikoni.

Ilikuwa sauti ile ile ya asubuhi, iliyomwita naye asiende. Miwani akageuka. Alimwona amesimama na mkono wake uliofungwa, salama, anamtazama. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Aliporudisha macho, mikono yake ilikuwa imekumbatia hewa.

Mama wa viatu alikuwa akisoma huku amefumba macho. Akanyamaza, akayafungua.

"Amevuka?"

Miwani alitazama nje, kweupe, hakuna kitu. Alitazama ndani, hakuna kitu. Harufu ilikuwa imekwisha. Alikuwa amechoka, anavuja damu, na kwa mara ya kwanza siku ile mke wake alikuwa anamtazama kama mwanamume.

"Amevuka, mama," akasema.

Wiki ile nyumba ilitulia. Mke wake alifungwa plasta hospitali, akawa anacheka, analala vizuri, kidonda cha begani kikakauka upesi kupita kawaida. Macho ya Miwani yalivimba kwa ile purukushani, ukungu ukarudi na kuvitia vitu vyote kwenye maziwa, kama daktari alivyosema. Aliusubiri uishe. Hata wasiwasi ulipungua, naye akajisifu kwa mkewe kwamba sasa dawa ya kutuliza moyo anaijua.

Siku ya kurudi kliniki ukungu uliondoka njiani wakati anapanda ngazi za hospitali. Daktari alimkalisha mbele ya ubao wa herufi, mke wake akaketi kwenye kiti cha pembeni, nyuma yake. Miwani alisoma mstari wa kwanza, wa pili, akateremka hadi wa mwisho bila kukwama, akaendelea na yale maandishi madogo ya kiwanda kilichochapa ubao. Daktari alicheka, akasema hata yeye hayaoni hayo.

Furaha ikampanda Miwani hadi machozi yakamlenga. Akageuka ili aifurahie na mke wake.

Aliona skrubu za kiti alichokalia mkewe. Aliona nyufa za rangi ukutani nyuma ya kichwa chake, na herufi kwenye kalenda iliyoning'inia juu. Mke wake mwenyewe alikuwa na ukungu pembezoni. Miwani akapepesa, akapepesa tena, na ukungu ukaanza kutakata taratibu kutoka chini, viatu kwanza, kisha sketi, kisha plasta, ukipanda kuelekea usoni.

Akafumba macho kwa nguvu kabla uso haujatakata.

"Fungua tu," daktari akasema, "bado hatujamaliza."

"Fungua, mume wangu," mke wake akasema kwa upole. "Si umeshapona?"

Miwani akaanza kuhesabu. Vuta kwa nne, shikilia kwa mbili. Nyuma yake, kitini, pumzi nyingine ikashikiliwa pia. Daktari akamwona akiinua mikono, akiweka vidole gumba juu ya kope, na kukandamiza. Alimrukia, akamvuta viwiko kwa nguvu zake zote akiita wauguzi, lakini ile ilikuwa mikono ya muuza nyama, na safari hii hakuna aliyeisukuma.