Kioo cha Dirisha la Mwalimu Mkuu

Nyumbani kwetu asubuhi huanza kwa mlio wa spana kudondoka sakafuni. Baba ni fundi baiskeli, na karakana yake ndiyo sebule yetu. Chai nainywa mguu mmoja ukiwa juu ya tairi la mtu. Baiskeli za wateja hutoka hapo zikiwa kama mpya. Yangu je? Waliosema mganga hajigangi bila shaka walipita kwetu kwanza.

Siku zile baba alikuwa amezifungua raba za breki zangu akamfungia mteja mwenye haraka. "Nitakurudishia kesho, mama," aliniambia. Kesho hiyo ikafika siku ya nne, raba hakuna. Sikulalamika. Nilikuwa nasimama kwa kuburuza soli ya kiatu, wenzangu wakinitazama kwa mshangao, nami nikijiona bingwa.

Tena nilikuwa na adui: dereva wa gari la mkate. Tulimwita Parapanda, maana alipiga honi kuanzia juu ya mteremko mpaka langoni mwa shule, awepo mtu asiwepo.

"Barabara umeinunua?" nilikuwa nikimpigia kelele.

"Kwani wewe umeirithi?" naye hujibu, na honi juu yake.

Jumanne moja nilikuwa nateremka kasi. Kwenye kivuko cha wapita njia, karibu na lango la shule, gari la mkate lilikuwa limesimama. Nikafurahi. Leo nampita Parapanda! Nikalizunguka kwa upande, nikajitokeza mbele yake.

Lo! Katikati ya kivuko alikuwepo fundi vioo, mzee mwembamba, amekumbatia kioo kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Parapanda alikuwa amesimama ili kumpisha. Nikashusha mguu, soli ikaburuzika, baiskeli ikagoma kusimama. Honi ikalia nyuma yangu, lakini nani angeijali? Ililia kila siku. Mzee aliruka nyuma, kioo kikamponyoka. Pwaa! Mimi nikaishia mtaroni.

Tulinusurika sote. Mzee alikwaruzika mkono tu, lakini alikaa pembeni ya barabara akitazama vipande vya kioo. "Kilikuwa cha dirisha la mwalimu mkuu," alisema polepole. "Nimekipima mara tatu."

Mwalimu mkuu akaja mbio. "Nani mwenye kosa?"

"Parapanda!" nilidakia. "Amesimama ghafla!"

Nilisema uongo mchana kweupe, huku namtazama mwalimu usoni. Parapanda akaanza kufoka, watu wakaingilia, kila mmoja akamnyooshea kidole mwenzake. Mwalimu mkuu aliinua mkono. "Basi! Kuanzia kesho, hakuna baiskeli katika shule hii."

Rafiki yangu Twiga, tulimwita hivyo kwa urefu wake, alikaa ng'ambo ya mto. Kwa miguu ni karibu saa mbili. Alishika usukani wa baiskeli yake, machozi yakamtiririka. "Basi mimi shule ndiyo imeisha," alisema. Maneno hayo yalinichoma kuliko michubuko ya magoti.

Nilipotoka shule nilimkuta baba akizungusha gurudumu la mteja. Nikamweleza yote. Akaacha kuzungusha.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Ningekurudishia raba zako, ungesimama. La pili?"

"Langu. Nililipita gari lililosimama kwenye kivuko."

"Na la tatu?"

"Nimemsingizia mtu."

Baba, ambaye hafungi karakana hata akiwa na homa, alifunga mlango. "Twende."

Ofisini kwa mwalimu mkuu dirisha lilikuwa limezibwa kwa boksi. Mzee wa vioo na Parapanda waliitwa. Nilisimama mbele yao.

"Dereva alisimama inavyopaswa," nilisema. "Mkosaji ni mimi, na nilisema uongo. Mzee, nisamehe. Mjomba dereva, nisamehe."

Parapanda alikuna kichwa. "Na mimi nina langu. Honi nimeizoea vibaya. Nikipiga kila siku, siku ya hatari mtaijuaje?"

"Nami niliona gari limesimama, nikajitosa bila kutazama pembeni," mzee alisema.

Mwalimu mkuu alitutazama mmoja mmoja. Baba alisema kioo kingine ni juu yake. "Haya," mwalimu akaamua. "Jumatatu kioo kije asubuhi, saa ile ile ya msongamano. Kikifika kizima, baiskeli zitaruhusiwa. Kikivunjika, msije tena kuniomba."

Jumamosi baba alitandika gunia langoni mwa shule, akakagua baiskeli zote bure. Yangu ilikuwa ya kwanza. Twiga alifungiwa kengele iliyosikika mpaka ng'ambo ya mto. Tukakubaliana: kwenye kivuko tunashuka, tunakokota. Parapanda naye alikuwa ameahidi kunyamaza tangu siku ile ya ofisini, na akanyamaza kweli. Wenye maduka walidhani gari lake limeharibika.

Jumatatu ikafika. Siku hiyo tulipewa ruhusa ya kuja na baiskeli. Niliteremka, nikabana breki, baiskeli ikatii. Nikashuka. Mzee akatokea na kioo chake, akatazama kulia, akatazama kushoto. Parapanda alisimama, akampungia mkono. Mzee akaanza kuvuka.

Mara pikipiki ikachomoka nyuma ya gari la mkate, kama mimi Jumanne ile.

Paaa! Honi ilipigwa mara moja tu. Ilikuwa haijasikika siku kadhaa, na barabara nzima iliganda. Mzee alisimama papo hapo. Mwenye pikipiki alibana breki, akasimama, kisha akamwomba mzee radhi. Mzee akashusha pumzi, akamaliza kuvuka. Kioo kikafika kizima!

Tulishangilia mpaka njiwa wakaruka kutoka paani. Twiga alinikumbatia, nusura aniangushe. Kioo kilipokwisha kuwekwa, mwalimu mkuu alitazama nje kupitia kwacho, akaona baiskeli zetu zimepangwa mstari.

"Zibaki," alisema. Kisha akatugeukia. "Sikilizeni. Mwenye gari, mwenye baiskeli na mwenye miguu yake, wote wana mahali pa kufika. Mkiheshimiana, mtafika. Na mkikosea, semeni mmekosea, kama binti huyu."

Nilipotoka, Parapanda alikuwa akisubiri langoni. Akachungulia kwenye dirisha la gari lake, anacheka. "Wewe! Barabara umeinunua?"

"Hapana, mjomba," nikamjibu. "Ni yetu sote. Tangulia wewe."