Chini ya Ukingo wa Kitanda

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akala chakula alichofunikiwa mezani, kisha akavuka ua kwenda karakana ya mama yake. Jina la Chiriku alibandikwa kwa sababu ya mdomo wake, maana alianza kuzungumza kabla hajafika mlangoni. Mama yake alikuwa fundi seremala, na kazi ya Chiriku ilikuwa kupiga msasa sehemu za ndani na za chini, ambako mikono midogo hupenya vizuri.

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Kabla kitu hakijapakwa vanishi, aliyekipiga msasa alifumba macho na kupitisha shavu lake kwenye mbao, kila upande. Majirani walicheka wakisema eti mafundi hawa wanabusu viti.

"Wacheni wacheke," Mama alisema. "Mkono wa fundi una sugu, unadanganyika. Shavu halidanganyiki."

Jioni moja kazi ilikuwa kitanda cha mtoto wa kinyozi. Chiriku alikuwa na haraka. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amewapa neno moja, "rough", lile ambalo sisi tumelichukua tukaliita rafu, akawataka waandike sentensi za kuonyesha matumizi yake.

"Neno hili lina kazi nyingi," mwalimu alisema. "Mbao isiyopigwa randa huitwa hivyo. Bahari iliyochafuka, sauti inayokwaruza, mchezaji anayekanyaga wenzake, hata insha ya kwanza kabla hujaisahihisha. Atakayeandika vizuri zaidi atasoma mbele ya shule nzima."

Kusoma mbele ya watu! Chiriku hakupenda kitu kingine kama hicho. Basi alipiga msasa juu ya ukingo wa kitanda, akapiga ubavuni, lakini chini yake hakugusa. Nani atainama kuangalia huko?

Mjomba akaingia na kopo la vanishi. Alikuwa mdogo wake Mama, mwenye sauti ya kukwaruza kama msumeno uliogonga msumari. Alikuwa amefukuzwa kazi kwingine kwa sababu ya kulipua kazi, na Mama alipompokea alimweleza wazi: "Mdogo wangu, hapa ukilipua mara moja tu, undugu wetu tutabaki nao nyumbani." Tangu siku hiyo Mjomba alifanya kazi kwa uangalifu mkubwa, hata Mama alianza kumsifu.

"Mpwa wangu, umepitisha shavu?" aliuliza.

"Nimepitisha, Mjomba."

"Pande zote?"

"Zote."

Mjomba akachovya brashi, akapaka.

Siku iliyofuata Chiriku alisoma sentensi zake mbele ya shule nzima, akapigiwa makofi. Alipofika kwenye sentensi ya mbao, moyo ulimchoma kidogo. Akaipita haraka, akaenda kwenye bahari.

Wiki haikuisha, kinyozi akaja. Hakuja na mzaha wake wa kila siku.

"Fundi," alimwambia Mama, "mimi nikimkata mtu kwa wembe, namwona palepale anatoka damu. Kitanda chako kimemngojea mwanangu mpaka ajifunze kusimama. Ameshika ukingo, kibanzi kikazama kiganjani. Nesi amekitoa kwa kibano, lakini mkono umevimba na mtoto analia tu."

Mama alikwenda kukiangalia kitanda. Aliporudi, alikuwa amekunja uso. Akamwita Mjomba.

"Nani alikishika mwisho?"

"Mimi, Dada."

"Hukuona kwamba chini ya ukingo kunakwaruza?"

Mjomba alikuna kichwa. "Mpwa wangu alipiga msasa vizuri. Labda vanishi yangu iliingia uchafu. Labda ni mimi, Dada. Sijui."

"Nilikuambia mapema. Kesho usije."

Chiriku alikuwa amesimama pembeni, mdomo wazi, sauti haitoki. Alimwona Mjomba akivua aproni, akaikunja, kisha akaanza kuosha brashi moja moja, ingawa hakuna aliyemtuma. Chiriku aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Chiriku, leo umemeza nini?" Mjomba alimtania. "Njoo unishikie kopo."

Utani ule ulimshinda. Machozi yakamtoka.

"Mama, usimfukuze Mjomba! Chini ya ukingo sikupiga msasa. Shavu sikupitisha. Aliniuliza, nikamdanganya."

Mama aliweka nyundo chini. "Kwa nini?"

"Nilikuwa na haraka ya kwenda kuandika sentensi za Kiingereza."

"Sentensi za nini?"

Chiriku aliinamisha kichwa. "Za mbao inayokwaruza."

Mjomba aliangua kicheko, akakikata mara moja alipomwona dada yake. Mama hakucheka. Alimgeukia, akasema kwa upole, "Nisamehe, mdogo wangu. Nimekuhukumu kwa mambo ya zamani bila kuuliza. Chukua aproni yako."

"Yamekwisha, Dada," alijibu Mjomba, akaikunjua aproni, akaivaa.

Kisha Mama akampa Chiriku msasa, wakaenda kwa kinyozi. Chiriku alimwomba radhi kinyozi, akaeleza alivyofanya bila kuficha kitu. Akalala chali chini ya ukingo, akasugua mpaka vumbi likamjaa puani. Mtoto, mkono umefungwa bendeji, alimchungulia akimwonea ajabu. Chiriku hakuweza kumtazama.

Njiani kurudi, alimuuliza Mama, "Mkono wa mtoto utapona?"

"Utapona. Nesi amesema siku chache tu."

"Basi nitalala vizuri."

"Usikimbilie kulala," Mama alisema, akasimama. "Kazi mbovu tumeirudia leo, na imekwisha. Lakini uongo wako ulimchoma mjomba wako, kama kibanzi kilivyomchoma mtoto. Angeondoka kwangu akiitwa mlipuaji, na kila karakana ingemfungia mlango. Kibanzi cha namna hiyo, mwanangu, hakuna nesi wa kukitoa. Anayeweza kukitoa ni yule aliyekiweka, na leo umekitoa mwenyewe. Siku nyingine usikiweke."