Gari Lisilojua Kujificha

Jumamosi za harusi, Mtaa wa Mukendo mjini Musoma haupitiki. Asubuhi ile magari manne meupe yalikuwa yamejipanga mbele ya duka la Gaudensia, mpambaji wa magari ya maharusi. Mwenyewe alikuwa ameinama juu ya boneti ya gari la kwanza, pini mdomoni, utepe wa dhahabu mkononi, gauni lake la bluu amelikunja hadi magotini lisiguse vumbi. Bodaboda zilipiga honi na wauza dagaa walipita na beseni kichwani. Katikati ya zogo hilo, gari la tano likaja kusimama nyuma ya yale manne bila kualikwa.

Gaudensia aliinua uso, nusura ameze pini.

Sitalipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: gari lilikuwa baya. Lilikuwa fupi na limenyanyuka juu kama kabati lililofungwa magurudumu. Boneti ya kijani, mlango wa dereva wa njano, taa mbili ndogo zimebanana karibu na pua, na ubavuni bomba jeusi la kuvutia hewa limepanda mpaka juu ya paa.

"Kaka, hilo ni gari au ni adhabu?"

Dereva alishuka akicheka. Alikuwa mrefu, amevaa ovaroli ya kijivu, grisi mpaka kwenye viwiko. "Adhabu ni hii foleni yako, dada. Nina pampu ya kisima naipeleka Butiama, watu hawana maji toka juzi."

"Utapita nikimaliza. Gari zuri lina mstari mmoja, jicho linaanzia mbele linateleza mpaka nyuma. Lako jicho linajikwaa kila mahali."

"Na kila linapojikwaa pana sababu. Pua fupi, nione shimo kabla sijaingia. Tumbo juu, mawe yapite chini. Vioo ni bapa. Dirisha likivunjika naendaga kwa fundi wa madirisha ya nyumba, ananikatia kipande, naondoka. Hayo meupe yako yakivunjika kioo yanalala wiki nzima."

Gaudensia alivitazama vile vioo bapa, akakigonga kimoja kwa ukucha.

"Naitwa Mniko. Nipe namba, siku nikioa utanipambia."

"Hilo? Hata nikipewa maua ya Mara nzima!"

Lakini namba alimpa.

Miezi minane baadaye, mpambaji yule yule alikuwa akiwagombeza wateja waliolicheka gari la Mniko. "Limeshangaa tu, halijakukosea," aliwaambia. Alilipenda, na mwenye gari alimpenda zaidi. Simu zilipigwa asubuhi, mchana na jioni. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula vumbi." "Basi njoo nikupe sato." Mwanamke wa miaka thelathini alicheka peke yake dukani hadi majirani wakamwona kapata wazimu.

Tena alikuwa na sababu ya kuogopa furaha. Miaka mitatu nyuma alivishwa pete na bwana mmoja aitwaye Magesa, mwenye gari jeupe linalong'aa. Kumbe Magesa alikuwa na mke Mwanza. Gaudensia aliapa: akidanganywa mara ya pili, hataolewa kabisa.

Sasa posa ilikuwa imepangwa Jumapili, kijijini Majita. Baba yake, mzee Bernado, alitoa sharti moja tu. "Barua naipokea kwenye mkono wa mama wa kijana, au anayesimama mahali pa mama. Mume asiye na wa kumsemea, siku akikupiga utamshtaki kwa nani?" Mniko alikuwa yatima, aliyemlea ni bibi Rhobi, mke wa pili wa marehemu babu yake, aliyekaa Bunda. "Bibi atakuja," Mniko aliahidi. Ila kila Gaudensia alipoomba apelekwe kumsalimia, palitokea pampu iliyoharibika.

Siku moja kabla ya posa, Petronila alipiga simu. Alikuwa rafiki yake, muuza vitenge soko la Bunda.

"Shoga, umekaa?"

"Sema."

"Lile gari la Mniko liko hapa Manyamanyama. Hii Jumamosi ya tatu naliona nyumba ile ile. Kuna msichana mdogo, mzuri, anatokaga kulipokea, na mtoto wa kike. Nimeuliza jirani. Anasema msichana ameolewa ukoo wa Nyamhanga na ng'ombe zilitoka. Si ndio ukoo wa Mniko huo?"

Gaudensia alikata simu, akampigia Mniko.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Niko Butiama, kisimani."

"Mbona sisikii maji?"

"Ndio nataka kuyatoa. Nitakupigia."

Sasa alielewa kwa nini hakuwahi kupelekwa kwa bibi: mke alikuwa amewekwa huko huko. Alifunga duka, bibi harusi wa watu akimwita nyuma, akapanda gari la Bunda na gauni lake la kazini, pini zikiwa bado zimechomekwa kifuani.

Manyamanyama hakuhitaji kuuliza nyumba. Gari lilikuwa limesimama mbele ya geti, mchana kweupe, njano na kijani, mtoto wa kike amekaa kwenye bampa anachezea matope. Ndani watu walikuwa wakizozana. Msichana wa miaka ishirini na mitatu hivi alikuwa akipepeta mtama uani.

"Karibu dada."

"Sijaja kukaribishwa. Wewe ni nani kwa Mniko?"

"Mimi ni mama yake mdogo."

Gaudensia alicheka kicheko kibaya. "Mama! Wewe!"

Msichana, jina lake Susana, aliweka ungo chini. "Bibi Rhobi hakujaliwa mtoto wa kiume. Mume alipokufa akatoa ng'ombe kwetu, akanioa mimi nimzalie watoto wa nyumba yake, kwa jina la mwana ambaye hakuzaliwa. Ndiyo nyumba ntobhu. Nyie watu wa ziwani mnaisikiaga tu."

"Na huyu mtoto?"

"Baba yake alishaenda zake, simtaji. Mtoto ni wa nyumba hii. Mniko anamwitaga dada."

Gaudensia alikuwa bado anajiuliza kama aamini, sauti ya kizee ikapanda kutoka ndani.

"Jumamosi ya tatu nakubembeleza, mura, mjukuu wangu! Nyumba yangu inakufa! Nizalie mtoto wa kiume kwa Susana, halafu uoe huyo unayemtaka!"

"Bibi, siwezi."

Susana aliinamisha kichwa. Gaudensia akaingia ndani bila kubisha hodi.

Mniko alisimama ghafla hadi kigoda kikaanguka. "Gaudensia..."

"Kisima cha Butiama kimehamia huku?"

"Niliona aibu. Baba yako mtu wa kanisa. Nilitaka nimalize na bibi kwanza, usije ukajua."

"Magesa naye hakutaka nijue!" Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Nilikuuliza uko wapi, ukanidanganya. Kesho usije Majita."

Aligeuka kutoka. Susana alikuwa amesimama mlangoni, hakumpisha.

"Dada, nisikilize. Kudanganya amedanganya. Lakini mtu mwenye mwanamke wa siri atamfuata na gari hili? Hata kipofu analijua kwa mlio. Angepanda basi, akashukia mbali, akaja na kofia usoni. Huyu analiegesha getini, mtaa mzima unahesabu alivyoingia na alivyotoka. Hajawahi kukaa hata dakika kumi na mimi."

Hilo lilimpata Gaudensia. Gari la Magesa lilikuwa jeupe kama magari mia mengine; lililala Mwanza mwaka mzima na hakuna jicho lililolikumbuka. Hasira yake haikuisha, lakini sasa aliijua: ilikuwa ya uongo wa simu, si ya mwanamke.

Alimgeukia Mniko. "Gari lako linasema ukweli kuliko wewe."

"Najua."

"Basi sema na wewe. Sasa hivi, mbele yao."

Mniko alipiga magoti mbele ya bibi yake, na ovaroli na grisi yake. "Bibi, umenilea. Nitalima shamba lako, nitasomesha mtoto. Ila sitazaa na mama mdogo. Huyu ndiye nampenda, sina mwingine."

"Basi kesho nenda mwenyewe," alisema bibi Rhobi. "Sitaenda kumsemea mtu anayeizika nyumba yangu."

"Mama," Susana alisema taratibu, "na mimi hujawahi kuniuliza. Ungeniuliza, ningekataa."

Bibi Rhobi alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akaingia chumbani na kufunga mlango.

Jumapili, wazee walikaa uani kwa mzee Bernado tangu saa nne. Gaudensia alikuwa chumbani, kitenge kipya cha kijani, kilemba kimefungwa vizuri. Alikuwa amemsamehe Mniko; aliyebaki ni baba, na baba habadiliki. Walilisikia gari kabla hawajaliona.

Alishuka Mniko ndani ya koti kubwa. Akashuka Stanslaus, mshenga. Na wa mwisho akashuka Susana peke yake, amevaa kitenge cha kizee kinachomzidi na shanga za bibi Rhobi shingoni, barua imefungwa kwenye kitambaa cheupe.

Mzee Bernado alitazama mlango wa gari kama kuna mwingine ndani. "Mama wa kijana yuko wapi?"

"Ni mimi, mzee." Alinyoosha barua kwa mikono miwili. "Bibi amenivalisha nguo zake, akanituma. Amesema yeye bado ana hasira, lakini nyumba yake haina hasira."

"Una miaka mingapi, binti?"

"Ishirini na mitatu."

"Na huyu mwanao?"

"Thelathini na nne."

Uani kicheko kilipasuka. Wazee walishika mbavu, Stanslaus akajifuta jasho. Mzee Bernado hakucheka. Alikunja mikono kifuani, na barua ikabaki hewani katika mikono ya Susana.

Mwanamwali anayeposwa hatoki mpaka aitwe. Gaudensia alitoka. Alipita katikati ya wazee bila kumtazama yeyote, akafika mbele ya yule msichana aliyekuwa mdogo wake kwa miaka saba, mwanamke aliyemfuata jana kwa vita, akapiga magoti kwenye mchanga.

"Shikamoo, mama."

Kicheko kilikatika. Susana macho yalimjaa maji.

"Marahaba, mwanangu."

Mzee Bernado alimtazama binti yake pale chini. "Basi wa kumshtakia umempata," alisema, akakunjua mikono na kupokea barua.