Morris Yangu na Chevrolet ya Ochola

Nilifungua mlango wa kushoto wa Chevrolet ya Ochola, nikaketi, nikakuta usukani uko mbele yangu.

"Mama Wangui, unaniibia gari?" Ochola alicheka mpaka watu wa maduka ya Adams Arcade wakageuka.

"Mimi nimezoea abiria kukaa kushoto! Nani aliweka usukani upande huu?"

"Wamarekani."

"Na kiti kipana hivi ni cha nini? Nikitaka kukushika mkono, si lazima nikupigie simu kwanza?"

"Afadhali hiki. Kwenye Morris yako magoti yangu hugusa masikio."

"Waingereza walijua petroli ni ghali. Morris inakunywa kwa kijiko. Hii yako inakunywa kwa ndoo!"

Sote wawili tulikuwa tumefiwa na wenzi wetu, na tulizoea kutaniana hivyo baada ya kwaya ya kanisa. Lakini siku hiyo aliacha kucheka.

"Tuoane, Mama Wangui. Nitahamia kwako, mtaa wa Jamhuri. Ila banda lako linatosha gari moja tu."

Morris ile iliachwa na marehemu mume wangu, Mungai. Ndiyo aliyonifundishia kuendesha.

"Nirudishe nyumbani," nikasema.

Wiki hiyo sikushika simu zake. Akaandika: "Nimekukosea wapi?"

Nikajibu: "Morris haitoki."

Jumamosi asubuhi, mvua ikinyesha, nikasikia mngurumo nje. Nikatafuta mwavuli, nikafungua lango. Chevrolet ilikuwa kando ya barabara, imefunikwa turubai, mkia wote umebaki nje ukilowa. Ochola naye alikuwa amelowa chapachapa, amebeba bati jipya.

"Paa la banda linavuja juu ya Morris," akasema. "Niliona nilipokurudisha nyumbani."

"Na gari lako?"

"Hilo ni jitu zima, litalala nje. Kadogo kako ndiko kanaweza kupata mafua. Nilidhani umenielewa siku ile."

"Si ungesema!"

"Ulinipa nafasi?"

Nikampokea lile bati. "Ingia kwanza unywe chai, Baba Lornah."

Tulifunga ndoa mwezi wa Agosti. Nje ya kanisa, Ochola alinifungulia mlango wa kushoto wa Chevrolet.

"Huko kuna usukani," nikamkumbusha.

"Najua." Akaniwekea funguo mkononi. "Endesha polepole, bibi harusi."

Nikamshukuru Mungu kwa wanaume wawili: aliyenifundisha kuendesha, na huyu aliyenipa funguo. Ochola akazunguka, akaingia kulia. Akasogea, akasogea tena kwenye kile kiti kipana, mpaka bega lake likagusa langu, kama vile tuko ndani ya Morris.