Mlio Katika Chumba cha Chupa

Ko.

Mara moja tu, kisha kimya. Dokta aliinua kichwa kutoka kwenye darubini, akatega sikio, akarudi kuhesabu vidole vya mjusi. Bomba linavuja, alijiambia. Katika Chumba cha Chupa mlikuwa na vyura elfu mbili, wote wamelala ndani ya spiriti, na hakuna hata mmoja aliyebakiwa na pumzi ya kulia.

Mtaani walimwita Mama Vyura. Majirani waliwavuta watoto ndani alipopita, naye akiwacheka: "Ningekuwa mchawi, ningeishi nyumba ya kupanga?" Hakuwa mtu wa kutishika. Alishaumwa na nyoka, alishatemewa sumu, alishalala kinamasini siku tisa. Hofu aliiacha huko huko topeni, pamoja na kiatu kimoja.

Lakini mlio ulirudi usiku wa pili. Na wa tatu. Ulitoka kabati la mwisho, kwenye chupa ya chura namba mia tatu na kumi na nane.

Chura huyo alikuwa mgeni kwa sayansi. Wiki hiyo ndiyo angetangazwa, na tangazo lingempa Dokta ukuu wa idara. Kila chura pale alifungwa uzi mguuni, na kwenye uzi kikaratasi: namba, tarehe, mahali, jina la aliyemkamata. Kwenye kikaratasi cha huyu, jina lilikuwa limekwanguliwa. Aliyelikwangua ni Dokta mwenyewe, kwa wembe, miaka kumi na mmoja nyuma, akiwa mwanafunzi.

Aliyemkamata alikuwa kaka yake, fundi wa kuwaita vyura. Kituo hicho hicho cha utafiti kilimtuma kinamasini peke yake, bila mtumbwi, bila kamba. Kulipokucha ulikutwa mfuko wake ukingoni, chura ndani, kikaratasi kimeshaandikwa. Yeye hakuonekana, si mzima, si maiti. Mkurugenzi wa kituo akasema hakumtuma mtu. "Futa jina," alimwambia dada mtu, "au masomo yako yaishie hapa."

Akafuta. Nyumbani, mama yao naye akalifungia jina lile kifuani. Tangu siku hiyo hakuna aliyelitamka.

Usiku wa nne Dokta aliweka kinasa sauti juu ya kabati, akaenda zake kulala. Asubuhi akasikiliza.

Ko. Ko. Ko.

Alimjua chura yule. Alimpima kwa mikono yake. Jike. Na majike wa jamii ile hawalii.

Akaongeza sauti. Kabla ya kila mlio palikuwa na kitu kingine, kidogo. Pumzi. Pumzi ndefu, ikivutwa puani.

Chura havuti pumzi hivyo. Mtu huvuta hivyo. Na mtu mmoja tu alijua kuwaita vyura kwa mdomo hadi wakamjibu.

Saa nne Mkurugenzi aliingia na fomu.

"Aliyemkamata: hajulikani," alisoma. "Tia sahihi, binti yangu."

"Anajulikana, Mzee."

"Wafu hawasomi majarida."

"Na walio hai hawayasomi. Tunaandika hivyo hivyo."

Mkurugenzi akatabasamu kwa meno, macho yakabaki pale pale. "Ukuu unautaka, huutaki?"

Ko.

Jua lilikuwa dirishani. Kalamu ikamponyoka Mkurugenzi.

"Bomba," alinong'ona.

"Bomba gani lipite kabatini, Mzee?"

Ko.

Dokta akaenda. Akafungua kabati. Akaishusha chupa. Nta ya kizibo ilikuwa nzima, haijaguswa. Juu ya spiriti, kwenye kioo, palikuwa na ukungu. Duara dogo, na katikati yake alama ya midomo.

Akaupangusa kwa kidole. Haukufutika.

Ulikuwa upande wa ndani.

"Irudishe," Mkurugenzi alinong'ona. "Ukuu chukua, hata bila sahihi. Usiseme kitu tu."

"Nilikwangua mara moja, Mzee. Sikwangui tena."

Akaiokota kalamu sakafuni, akalikata neno "hajulikani" kwa mstari mmoja. Kisha, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya maji, akalitamka jina la kaka yake, lote, hadi la baba yao.